Jibu la mtaalamu: Rangi inayoonyesha mchoro wa mbao katika mapambo ya kukereza

Swali: Mimi hukereza mapambo ya kuning'iniza, hasa matufe yenye kipenyo cha milimita 60 hivi, yaliyochimbwa ndani na kutiwa mkia mrefu kwa chini. Hivi karibuni nimeanza kutumia rangi ya unga inayoyeyuka katika spiriti, nikitaka mchoro wa mbao, yaani mistari yake ya asili, uonekane zaidi. Matokeo yamenivunja moyo. Kila tufe linatokea na mabaka mawili meusi yanayokabiliana tumboni, duara nyembamba zinajitokeza kila mahali, na nilipopaka shelaki (vanishi ya utomvu wa mdudu) kwa kitambaa rangi ilitiririka, kisha bluu ikaelekea kuwa kijani. Ninayo matufe matatu yaliyoharibika namna hiyo. Ninakosea wapi, na nifanyeje majaribio bila kuharibu kazi nyingine?

Jibu: Ndugu mkereza, umeeleza dalili zako vizuri kiasi kwamba naweza kukueleza ulivyolifunga gogo lako kwenye mashine ya kukerezea bila kuliona. Mabaka mawili yanayokabiliana tumboni yana maana moja tu: nyuzi za mbao zako zilikuwa zimelala kukingama mhimili wa mashine, jinsi tunavyofunga mbao za kukerezea bakuli. Mabaka hayo, pamoja na zile duara nyembamba, yalikuwapo kabla hujafungua kopo la rangi. Rangi haikuyaleta, iliyafichua tu, kwa sababu kila mahali ambapo mbao ina tofauti ya unywaji, rangi huikuza tofauti hiyo mara kadhaa. Ukilishika jambo hili, kazi yote ya kuonyesha mchoro inakuwa kazi ya kuamua ni tofauti ipi unataka ikuzwe na ipi uiondoe mapema.

Tuanze na mabaka. Mbao ni fungu la mirija iliyosimama kufuata urefu wa mti. Ukipaka rangi ubavuni mwa mirija hiyo, huingia sehemu ndogo tu ya milimita, lakini ukiipaka kwenye vichwa vyake vilivyokatwa, inafyonzwa kama maji katika tambi ya taa, na huweza kuzama milimita kadhaa. Tufe lina sehemu zote mbili, kwa kuwa ni lazima mahali fulani pa mviringo wake mirija ikatwe vichwa. Nyuzi zikikingama mhimili, vichwa hivyo hutokea pande mbili za tumbo, mahali ambapo jicho hutua kwanza. Nyuzi zikienda sambamba na mhimili, vichwa hutokea juu, kwenye kofia, na chini, kwenye mkia, na tumbo lote linakuwa la ubavu wa nyuzi. Ushauri wangu wa kwanza, na ambao utakuokolea rangi nyingi kuliko ushauri mwingine wowote humu, ni kuanza kufunga vipande vyako kwa namna hii ya pili. Giza la vichwa vya nyuzi halitatoweka, ila litauzunguka mkia na kofia kwa usawa, likafifia kuelekea tumboni, na mtazamaji atadhani ulikusudia.

Kama hata giza hilo hulitaki, chovya brashi ndogo katika shelaki nyepesi sana, yaani sehemu moja ya shelaki iliyo tayari kwa sehemu tatu au nne za spiriti, upake vichwa vya nyuzi peke yake na uache pakauke kabla ya kutia rangi ya maji. Shelaki itaziba midomo ya mirija kwa kiasi. Usiipake tumboni, maana mahali ilipokaa vizuri rangi haitaingia. Hali ni hiyo hiyo kwa gundi. Tone la gundi nyeupe au la gundi ya papo kwa papo lililobaki kwenye ungio la kofia halionekani kwa macho mbao ikiwa kavu, lakini likipata rangi linabaki kama kovu jeupe. Ndiyo maana mimi hutia rangi tufe, kofia na mkia vikiwa mbalimbali, na gundi huja mwisho kabisa.

Duara nyembamba ni alama za msasa. Mbao ikizunguka, chembe za msasa huchora mistari inayozunguka tufe, na katika tufe lenye nyuzi sambamba na mhimili mistari hiyo huzikata nyuzi kwa kukingama, yaani hufungua vidomo vipya vya kunywea rangi. Msasa namba 120 ulioacha mkwaruzo mmoja usioondolewa na namba 180 utakuwepo mpaka mwisho. Panda ngazi bila kuruka: 120, 180, 240, 320. Kila unapomaliza namba moja, simamisha mashine usugue kwa mkono kufuata nyuzi mpaka alama za mzunguko zipotee, futa vumbi, ndipo uende namba inayofuata. Kama mashine yako inaweza kuzunguka kinyume, itumie nafasi hiyo, kwa kuwa nyuzi zilizolazwa upande mmoja hukatwa zikijiwa kutoka upande wa pili. Hakikisha tu kwamba kibanio kinachoshika gogo kimefungwa na skrubu yake ya usalama, la sivyo kinaweza kujifungua. Kwa mbao itakayotiwa rangi sivuki namba 320. Nimewaona wakereza wanaofika 600 au 800 wakitafuta ulaini, kisha wanashangaa kwa nini rangi imekuwa hafifu: wameisugua mbao mpaka ikafunga midomo na kung'aa.

Msasa, hata hivyo, hauponyi mkato mbaya. Nyuzi zilizochanwa na patasi butu hujeruhiwa chini zaidi ya uso, na rangi huingia kwenye jeraha hilo ikatoa doa jeusi lenye manyoya. Kwa tufe lenye nyuzi sambamba na mhimili, kata kutoka kwenye kipenyo kikubwa kushuka kwenda kidogo, kutoka tumboni kwenda kofia na kutoka tumboni kwenda mkia, na kisigino cha bobari, yaani patasi yenye makali ya mviringo, kikiwa kinaisugua mbao nyuma ya makali. Kwa njia hiyo kila uzi unaokatwa unaegemea uzi ulio chini yake. Noa kabla ya pitio la mwisho, hata kama unadhani makali bado yapo. Kuhusu kasi, kanuni wanayoitumia wakereza wengi ni kwamba kipenyo kwa milimita, kikizidishwa kwa mizunguko ya dakika moja, kitoe kati ya 150,000 na 225,000. Kwa tufe lako la milimita 60 hiyo ni mizunguko 2,500 hadi 3,750, lakini anza chini kabisa mpaka kipande kiwe mviringo na kimetulia, na ushuke tena unapochimba ndani.

Kuhusu uzito sina mengi, kwa kuwa naona tayari unachimba. Ili tu ujue faida yake: tufe zima la milimita 60, kwa mbao yenye uzito wa gramu 0.6 kwa sentimita ya ujazo, lina gramu 68 hivi, na likichimbwa mpaka ukuta ubaki milimita 4 linashuka hadi gramu 24. Katika suala la rangi, milimita 4 ni za kutosha. Ukuta wa milimita 2 unapendeza mkononi, ila ukiulowesha kwa rangi ya maji unaweza kupinda ukawa yai.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe. Zipo jamii mbili, na watu wengi huzichanganya kwa kuwa zote huuzwa kwa jina la rangi ya mbao. Ya kwanza ni ya chembechembe: unga usioyeyuka, unaoelea katika mafuta au maji, ambao ukipakwa hukaa juu na kujikusanya katika vitundu na mikwaruzo. Ya pili ni ile inayoyeyuka kabisa, kama yako, ambayo huingia ndani ya kuta za nyuzi zenyewe na kuziacha zikipitisha nuru. Jamii hii ya pili ilipata uhai mpya baada ya mwaka 1856, wakati William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini na badala yake akapata rangi ya zambarau kutokana na kemikali iitwayo anilini. Rangi ya chembechembe ikiwa nzito huufunika mchoro kama pazia. Ile inayoyeyuka huuacha mchoro uonekane hata ikiwa kali sana, na kwa lengo lako ndiyo inayofaa. Katika uchaguzi huo hukukosea.

Ulipokosea ni katika kuioanisha na shelaki. Shelaki ni utomvu wa mdudu ulioyeyushwa katika spiriti, na rangi yako nayo inayeyuka katika spiriti, kwa hiyo kila ulipopitisha kitambaa ulikuwa unaiosha rangi na kuihamisha. Kanuni ni kwamba kilichopakwa chini kisiyeyuke katika kimiminika cha kinachopakwa juu. Rangi ya maji hukaa salama chini ya shelaki. Rangi ya spiriti hukaa salama zaidi chini ya vanishi ya mafuta. Vanishi ya maji inaweza kuichafua rangi ya maji, hivyo kati yake weka tabaka jembamba la shelaki isiyo na nta. Ukilazimika kutumia shelaki juu ya rangi ya spiriti, inyunyize kama ukungu, tabaka mbili tatu zinazokauka upesi, na usiiguse kwa kitambaa mpaka rangi iwe imefungiwa. Mimi mwenyewe nimeacha rangi ya spiriti kwa kazi kubwa, nikaibakiza kwa viraka na mistari tu, kwa sababu inakauka haraka mno na kuacha alama mahali pitio moja linapolipanda jingine, tena kwa kawaida hupauka kwenye nuru upesi kuliko ya maji. Rangi ya maji inakupa muda. Ubaya wake ni kwamba inaamsha nyuzi, lakini dawa ni rahisi: lowesha tufe kwa maji matupu, liache likauke kabisa, gusa nyuzi zilizosimama kwa msasa 320 uliokwisha kutumika, kisha ndipo utie rangi.

Kijani ulichokiona hakikutoka kwenye kopo. Shelaki ya kawaida ina umanjano, na mbao nyingi nyeupe zina umanjano wake. Manjano juu ya bluu na manjano chini ya bluu, hesabu yake ni kijani. Kwa sababu hiyo hiyo zambarau huchuja ikawa kama kahawa, ilhali nyekundu na machungwa hupendeza zaidi. Mafuta ya kitani yangekuharibia bluu kuliko shelaki, maana huendelea kuwa ya manjano kadiri miaka inavyopita. Kwa bluu safi, tumia vanishi ya akriliki isiyo na rangi, au shelaki iliyong'arishwa na kuondolewa nta, na uchague mbao iliyo nyeupe kweli. Wapo wanaoing'arisha mbao kwanza kwa magadi makali ya sodiamu na kisha haidrojeni peroksaidi, njia inayoondoa rangi ya asili ya mti. Inafanya kazi, lakini magadi hayo huunguza ngozi na macho, na kwa pambo la ukubwa wa limau naona ni afadhali kutafuta kipande kingine cha mbao.

Umeuliza hasa jinsi ya kuufanya mchoro uonekane, na hapa jibu linategemea mti ulio mkononi.

Kama mbao ni nyeupe, yenye vitundu vidogo, na ina mawimbi, yaani nyuzi zake hupanda na kushuka badala ya kwenda moja kwa moja, kama zile za mti wa mepli wenye mawimbi, tumia njia ya kupaka na kusugua. Katika wimbi, nyuzi huja usoni kwa mshazari, zikiwa nusu vichwa, na katikati ya mawimbi zinalala ubavu. Paka rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, iache ikauke, kisha sugua kwa msasa 320 kufuata nyuzi. Rangi ya ubavuni, ambayo haikuzama, itaondoka, na ile iliyozama katika mawimbi itabaki. Utaona tufe jeupe lenye milia kama ya pundamilia aliyefifia. Sasa paka rangi unayoitaka, tuseme nyekundu au bluu, iliyo nyepesi zaidi, na milia ile itang'aa kutoka chini kana kwamba ina kina. Ukipenda, rudia mara ya tatu kwa rangi ya manjano ya kung'aa. Sheria ni kwamba kila pitio liwe jepesi kuliko lililotangulia, kwa kuwa rangi hizi zinapitisha nuru na nyepesi haiwezi kufuta nzito. Wanaoanza huogopa kusugua, wakaishia na tufe jeusi tupu. Sugua mpaka uhisi umeharibu, hapo huwa umefika karibu na panapotakiwa.

Kama mbao ina vitundu vikubwa vinavyoonekana kwa macho, kama mwaloni au mvule, mchoro wake uko katika vitundu hivyo, na njia ni kuvijaza. Safisha vitundu kwa brashi ya waya wa shaba kufuata nyuzi, tia rangi moja tufe zima, lizibe kwa tabaka mbili nyembamba za shelaki, kisha sugulia nta yenye chembe za rangi nyingine ndani ya vitundu na ufute ya juu. Nyeusi kwa nta nyeupe ndiyo inayojulikana zaidi, lakini bluu iliyokolea kwa nta ya dhahabu ni nzuri kuliko, kwa macho yangu. Tabaka la kuziba ni la lazima. Bila hilo nta yako itaingia kila mahali na utapata kijivu cha vumbi. Na hapa alama za msasa hulipiza kisasi kwa mara ya pili, kwa kuwa kila mkwaruzo nao hujaa nta.

Mbao zenye tanini nyingi, ile kemikali ya asili inayoipa chai ukakasi, na mwaloni ndio mfano mashuhuri, zina njia ya tatu isiyotumia rangi ya kopo. Weka waya mwembamba wa kusugulia sufuria, usio na sabuni na uliooshwa mafuta, katika siki nyeupe kwa muda wa wiki moja, ukifunika chombo bila kukikaza kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni. Chuja kwa kitambaa. Maji hayo yakipakwa kwenye mbao, chuma kilichoyeyuka hukutana na tanini na kuigeuza kuwa kijivu na kisha nyeusi ndani ya dakika chache, kwa mmenyuko ule ule uliotoa wino wa kale wa chuma. Mbao isiyo na tanini ya kutosha hupakwa kwanza chai kali ya majani, ikaachwa ikauke. Weusi huu una uzuri wake: unaufuata mti ulivyo, si sawasawa kila mahali, wala hauogopi nuru kama rangi za kopo. Kwa upande mwingine, mmenyuko huu ndio unaoeleza madoa meusi yanayowapata wanaolowesha mwaloni juu ya mashine ya chuma. Funika kitanda cha mashine kwa karatasi ya nailoni kabla ya kufungua chupa yoyote.

Msonobari ni kigeugeu, na ningekushauri uuache mpaka uzoee. Pete zake zilizo laini hunywa sana na zilizo ngumu hunywa kidogo, kwa hiyo mistari iliyokuwa myeusi kwa asili hubaki nyepesi na iliyokuwa myeupe huwa nyeusi. Mchoro unageuka kama negativu ya picha. Kuna watu wanaoupenda ugeuzi huo. Mpingo, kwa upande wake, hauna haja ya rangi, na ukiutia hautapokea. Uache uwe mkia: ugumu wake unakuruhusu kuukonda mpaka milimita 3, na weusi wake hukaa vizuri chini ya tufe la rangi yoyote.

Huenda umewahi kuona vinyago vya kukereza vya Channapatna, katika jimbo la Karnataka nchini India, vyenye rangi zinazong'aa mno. Huko fimbo ya utomvu wa mdudu iliyotiwa rangi hubanwa kwenye mbao inayozunguka, na joto la msuguano huiyeyusha ikatandaa. Ni ufundi mzuri, lakini rangi yake hukaa juu ya mbao na mchoro hufunikwa. Nautaja kwa sababu fundi wa aina yako anaweza kuutumia kwa mikanda miembamba kati ya sehemu mbili za rangi tofauti. Mpaka wa namna hiyo huhitajika, kwa kuwa rangi ya maji hutambaa ndani ya nyuzi na kuuvuka mstari uliouchora. Njia nyingine ni kuchonga mfereji mdogo kwa ncha ya patasi ya mshazari, kisha kuuchoma kwa waya mbao ikizunguka. Kuungua huko huziba nyuzi na kuzuia rangi isivuke. Waya uwe umefungwa vishikio viwili vya mbao. Usiuzungushe vidoleni kamwe, maana ukinasa mashine haitakungojea.

Na maadamu tumefika kwenye hatari, sema neno hili moyoni kila unaposhika rangi: mashine isimame, na ichomolewe kwenye umeme. Glavu za mpira ni za wakati wa rangi tu, na huvuliwa kabla mashine haijawashwa. Unapopaka shelaki au nta mbao ikizunguka, tumia karatasi laini inayochanika, usitumie kitambaa. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani huweza kuwaka vyenyewe vikiachwa vimekunjwa, kwa hiyo vitandaze nje vikauke au viloweke katika maji. Barakoa ya vumbi uivae wakati wote wa msasa: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka vumbi ya mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na baadhi ya miti, mwembe ukiwa mmojawapo, huwasha ngozi pia. Kuhusu kuwasha mashine ili rangi mbichi ikauke kwa upepo, nitasema tu kwamba ukuta wa karakana yangu bado una mstari wa zambarau unaonikumbusha.

Majaribio yako yasifanyike kwenye tufe. Kata kipande kutoka kwenye gogo lile lile utakalokerezea pambo, ukikereze kiwe mche mviringo wenye kipenyo cha milimita 50 na urefu wa milimita 200, na ukigawe kwa mifereji ya kuchomwa katika pete nane za milimita 25 hivi. Ncha moja ikate iwe nusu tufe, upate kuona vichwa vya nyuzi vitafanya nini. Sasa tengeneza rangi mama, gramu 1 ya unga katika mililita 50 za maji ya moto, na kutoka kwayo toa nusu na robo ya ukali. Pete ya kwanza ipate rangi mama, ya pili nusu, ya tatu robo. Ya nne nyeusi na kusuguliwa. Ya tano nyeusi, kusuguliwa na kutiwa rangi ya juu. Na kuendelea hivyo kadiri utakavyo. Rangi mbichi hudanganya, na iliyokauka hudanganya zaidi kwa kuwa inaonekana chakavu na ya vumbi, hivyo usihukumu pete yoyote mpaka umeipaka vanishi nusu ya mzunguko wake. Andika kwa penseli chini ya kila pete ulichofanya. Baada ya hapo funika nusu ya mche kwa urefu kwa karatasi ya foili, uuweke dirishani penye jua kwa wiki kadhaa, kisha uifunue. Rangi itakayoonyesha mpaka wazi kati ya nusu mbili hizo usiitumie kwa pambo litakaloning'inizwa penye mwanga. Manjano ya bizari, ambayo wengi huijaribu kwa kuwa ipo jikoni, itafeli mtihani huu kabla ya zote.

Yamebaki matufe yako matatu. Ondoa shelaki kwa spiriti na karatasi, ukibadilisha karatasi mara kwa mara. Sehemu ya rangi itatoka nayo. Inayobaki ipake dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, ngoja dakika kumi na tano, rudia ikihitajika, kisha osha kwa maji safi na uache tufe likauke kwa siku mbili au tatu. Mara nyingi rangi za namna yako hufifia sana kwa dawa hiyo, ilhali rangi ya asili ya mbao haiguswi sana. Dawa hiyo isikutane na siki yako ya chuma, wala na amonia, kwa sababu itatoa gesi ya sumu. Zifanyie kazi siku tofauti na kwa vyombo tofauti. Mabaka ya tumboni hayatafutika kabisa, kwa kuwa yamezama kuliko dawa inavyoweza kufika. Kwa hiyo usipigane nayo: lipake tufe zima rangi nyeusi, lisugue mpaka ubavu uwe mweupe tena, na mabaka yale mawili yataacha kuonekana kama ajali pindi utakapopaka nyekundu nyepesi juu yake, yakawa vivuli viwili vinavyozunguka pamoja na tufe kila linapogeuzwa na upepo.